Mashine inazima yenyewe na FL inajifunga nikirekodi vokali, fundi anataka nibadilishe maza bodi. Wajuzi naomba msaada

Kinubi Kidogo

Wakuu habari za muda huu. Nimekwama na sijui tena niguse wapi. Nina kastudio kangu ka chumbani hapa Morogoro, si ka kutisha, ni maiki moja ya kondensa, intafesi ya USB ya chaneli mbili (kile kiboksi cha kuingiza sauti kwenye kompyuta), hedifoni, spika za mtumba na magodoro ukutani basi. Wateja wangu wengi ni kwaya, na vijana wa singeli mara mojamoja. Mashine ni desktopu used, Core i5 ya kizazi cha nne, RAM 8GB yaani vipande viwili vya 4, hadi diski (hard disk) ya GB 500, Windows 10, na programu ya kutengenezea muziki ni FL Studio ya 64 biti.

Sasa tatizo. Nikiwa napiga biti tu hamna shida yoyote naweza kukaa mpaka usiku wa manane. Nikianza kurekodi sauti, traki zikishakuwa nyingi na nimeshaweka plagini, yaani viprogramu vya kurekebisha sauti kama rivabu na kompresa, huku na huku, ndio vituko vinaanza. Mara FL inajifunga yenyewe bila kuaga, mara skrini inakuwa ya bluu mashine inajirestati, mara inazima puu kama mtu kachomoa waya. Ekspoti ndio balaa kabisa, ikifika katikati naanza kusali. Juzi kwaya ya watu kama ishirini wamejazana humo ndani na joto hili, sopran wameshamaliza, alto wameshamaliza, teno wanafungua mdomo tu, giza. Mwalimu wa kwaya hakusema neno, ananitazama tu.

Fundi alifomati akaweka Windows mpya, akachukua chake. Hali ni ileile. Sasa anasema maza bodi imekufa ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela nikasema nilete kwenu.

Ngoma Droo

Ngoja waje wenyewe, mimi nimevuta kiti hapa na kahawa yangu.

BitiNzito

Mkuu usijisumbue hiyo mashine ni ndogo. FL siku hizi inataka i7 na RAM 16 kwenda juu. Uza hiyo ongezea hela chukua nyingine utakuja kunishukuru.

Waya wa Tatu

Pole kaka. Mimi ni mtu wa umeme sio wa muziki ila nina swali, hiyo mashine umeichomeka wapi? Kama iko ekstenshen moja na friji hapo ndio pa kuanzia. Kompresa ya friji ikiwaka inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, volteji inashuka kidogo, sasa pawa saplai ya used ambayo imeshakula miaka yake haivumilii, inakata. Umeme wetu unatakiwa uwe 230 lakini jioni watu wakishawasha kila kitu mtaani unajua mwenyewe. Angalia inazima saa ngapi, ni pale wewe unapoipa kazi nzito au ni pale mtu mwingine ndani ya nyumba anapowasha kitu? Pasi, hita, pampu ya maji. Fungua kava pia utazame kapasita kwenye maza bodi kama zimevimba kichwani. Pawa saplai yenyewe usiifungue, kapasita zake zinabaki na umeme hata ukishachomoa.

Mzee wa Feda

BitiNzito hapana bwana. i5 za kizazi cha nne za desktopu karibu zote zina koa (core, vichwa vya kazi ndani ya prosesa) nne kamili, watu wametoa albamu nzima kwa mashine dhaifu kuliko hiyo. Mashine ikizidiwa na projekti dalili zake zinajulikana, sauti inakwaruza, inakatakata, mita ya CPU kwenye FL inapanda inagoma kushuka, ukipleyi inaganda kidogo. Inazidiwa lakini haizimi. Kompyuta inayozima au kutoa skrini ya bluu ina kitu kibovu mahali fulani, na ukimuuzia mtu mwingine unamuuzia ubovu.

Kinubi, umetaja mambo matatu tofauti kwa pumzi moja na fundi kayatibu kama jambo moja. Programu kujifunga, skrini ya bluu, na kuzima puu, kila kimoja kina mahali kinapoandikwa ndani ya Windows, na huyo fundi alipofomati amefuta maandishi yote. Bahati nzuri tatizo limerudi kwa hiyo limeshaandikwa upya. Fanya hivi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, enta. Itafunguka Event Viewer. Usitishike ukiona alama nyekundu kibao, hata mashine nzima ina hizo.

Ingia Windows Logs halafu System, tafuta Kernel-Power yenye namba 41. Hiyo inaandikwa mashine ikiwaka tena baada ya kuzima vibaya. Bonyeza Details, soma BugcheckCode imeandikwa ngapi. Ikiwa 0 maana yake Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, umeme ulikatika au mashine ilijizima au iliganda kabisa ukaizima kwa kidole. Ikiwa namba nyingine hiyo ilikuwa skrini ya bluu na namba ndiyo jina lake.

Halafu ingia Application, tafuta Application Error yenye namba 1000. Hapo ndipo vifo vya FL vimeandikwa. Kuna mstari unaitwa Faulting module name, niandikie hayo majina, sio moja, yote unayoyaona kwa wiki hii.

Usinunue chochote mpaka ulete hayo.

Pwani Mikisi

Assalam aleikum wote. Mie niko Mombasa, natumia programu ya kurekodi ya Reaper kwa laptopu, na yangu nayo yanisumbua ila si kuzima. Nikirekodi sauti yaja na vipasuko vidogovidogo, pap pap, halafu baada ya muda intafesi yapotea kabisa programu yakwama mpaka niichomoe USB. Nafaa nifungue uzi wangu ama naruhusiwa hapahapa?

Mzee wa Feda

Waaleikum salaam dada, kaa hapahapa tu, mwenye uzi hana noma naona. Pakua LatencyMon, ni programu ya bure ya kuonyesha nani anaichelewesha sauti. Iwashe, bonyeza pleyi, iache kama dakika kumi huku waifai imewaka na unafanya kazi zako za kawaida. Halafu nenda tabu ya Drivers upange kwa muda mrefu zaidi, niambie draiva (programu inayoendesha kifaa) gani iko juu.

Kinubi Kidogo

Nimerudi wakuu. Friji iko chumba kingine laini nyingine, na nimechunguza, inazima hata saa nane mchana nyumbani nipo peke yangu. Ila nimeitoa kwenye ekstenshen nimeichomeka ukutani moja kwa moja. Kapasita hazijavimba.

Event Viewer: Kernel-Power 41 zipo nyingi, nyingi zinasema BugcheckCode 0, chache zinasema 26. Kwenye Application majina ni mchanganyiko, nimeona ntdll.dll, nimeona FLEngine_x64.dll, kuna moja ni dll ya plagini yangu ya rivabu, na kuna moja hata sio FL, ni explorer.exe ndio ilikufa. Kodi kwenye nyingi ni 0xc0000005.

BitiNzito

Si hiyo hapo plagini ya rivabu. Kreki hiyo, ya wizi isiyolipiwa. Toa plagini zote za kreki mambo yaishe.

Mzee wa Feda

Ingekuwa plagini ungeliona jina lake linajirudia kila kifo. Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Jina likiwa lilelile kila siku, mshike huyohuyo, futa au apdeti. Majina yakibadilikabadilika, leo plagini kesho ntdll ya Windows yenyewe kesho kutwa explorer ambayo haina hata habari na muziki, basi hao wote ni wahanga tu, aliyewaua yuko chini yao. Hiyo 0xc0000005 maana yake programu imegusa sehemu ya memori isiyoruhusiwa. Na ile 26 kwenye Kernel-Power imeandikwa kwa desimali, ukiigeuza kuwa heksa ni 1A, na 0x1A kwenye skrini ya bluu ndiyo MEMORY_MANAGEMENT. Nahisi RAM. Lakini hizo 41 zenye sifuri ni nyingi mno kwa RAM peke yake, na umesema ekspoti ndio inaua sana, ekspoti ni pale FL inapoisukuma prosesa mpaka mwisho bila kupumzika. Kwa hiyo pima joto kwanza, ni kazi ya dakika chache.

Weka HWiNFO, fungua ile ya Sensors only, halafu anza ekspoti ya projekti nzito huku unaangalia joto la koa. Prosesa za Intel za kizazi chako nyingi zinaanza kujipunguza spidi zikifika karibu nyuzi 100, zikiendelea kupanda zinajizima zenyewe zisiungue.

Kinubi Kidogo

Mzee nimekaa tu bila kufanya kitu inasoma 68. Nimebonyeza ekspoti imepanda 90, 97, 100, ikakaa hapo 99 na 100, nikakansel mwenyewe kabla haijanizimia.

Ngoma Droo

Hapo unachemsha chai kabisa.

Waya wa Tatu

68 ukiwa umekaa bure? Fungua feni hiyo kaka.

Mzee wa Feda

Zima, chomoa waya, bonyeza pawa mara moja kumaliza umeme uliobaki, gusa chuma cha kesi utoe stati mwilini. Feni ya Intel inayokuja na boksi inashikwa na pini nne za plastiki, zungusha kila moja kuelekea mshale halafu vuta juu. Kama pesti (ule uji unaopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, chuma cha kuipoza) imekauka utakuta unga mweupe mgumu. Futa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati, usipake kama siagi, ukirudisha hitisinki inajitandaza yenyewe. Na tafadhali sana dawa ya meno si pesti, nimeshakutana nayo kwenye mashine ya mtu, inafanya kazi siku chache halafu inakauka kuliko chokaa. Vumbi kwenye mapezi ya hitisinki toa kwa brashi, ukipuliza kwa blowa shika panga za feni zisizunguke. Ukirudisha hakikisha pini zote nne zimelia tik zikajifunga.

Pwani Mikisi

Nimeiacha LatencyMon muda. Iliyo juu kabisa ni ndis.sys, ule mstari wekundu wafika mwisho. Hii ni nini?

Mzee wa Feda

ndis.sys ni mambo ya mtandao dada. Draiva ya waifai yako inashika prosesa muda mrefu kuliko sauti inavyoweza kusubiri. Ukirekodi kwa bafa (kipande cha sauti kinachokusanywa kabla ya kupelekwa) ya sampuli 256 kwa 44100 kwa sekunde, intafesi inadai data mpya kila milisekondi 5.8. Sasa draiva ya waifai ikikaa na prosesa kupita hapo kuna kipande cha sauti kinakosekana, ndiyo hiyo pap pap yako. Hiyo si kosa la Reaper wala la intafesi. Zima waifai kwenye Device Manager kabla ya kurekodi, pima tena. Ikitulia, tafuta draiva ya waifai kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu, mara nyingi ya zamani kidogo inatulia kuliko ile iliyoletwa na Windows Update.

Hiyo ya intafesi kupotea ni kitu kingine. Device Manager, fungua USB Root Hub moja moja, Power Management, toa tiki kwenye sehemu inayoiruhusu kompyuta kuzima kifaa kuokoa umeme. Kwenye Power Options pia zima USB selective suspend. Na uichomeke kwenye laptopu moja kwa moja usiipitishe kwenye habu isiyo na umeme wake. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500 tu, ukishawasha 48V, ule umeme unaolisha maiki ya kondensa, halafu habu hiyohiyo ina mausi na hadi diski ya nje, umeme hautoshi, intafesi inaanguka.

Pwani Mikisi

Wallahi hadi diski ya nje iko hapohapo kwa habu. Nakuja.

BitiNzito

Mi bado nasimama na kreki. Asilimia kubwa ya studio za mtaani zinakreshi kwa sababu ya kreki na mnalijua hilo.

Mzee wa Feda

Sijasema kreki haina madhara. Pakiti ya plagini inayotembea kwa flashi mtaa mzima haijulikani imetoka wapi, nyingine ni za 32 biti zinahitaji daraja, yaani kiunganishi, ndani ya FL ya 64. Programu ya 32 biti yenyewe haivuki GB 4 za memori hata ukiwa na RAM 32. Steinberg, wanaotengeneza programu ya kurekodi ya Cubase, walichoka wakaziacha kabisa, Cubase 9 ya mwishoni mwa 2016 ni 64 biti tu, na wakaweka kitu kinachopima plagini wakati programu inawaka, zile korofi zinatengwa pembeni. Bado nasema, tuhuma bila jina linalojirudia kwenye logi ni umbea tu.

Na anayetaka kujua plagini gani ni mkorofi kwa njia rahisi, Reaper inakuruhusu kuiendesha plagini kwenye prosesi yake peke yake, unabonyeza kulia juu ya jina la plagini, Run as, halafu Dedicated process. Ikikreshi inakufa yenyewe projekti inabaki. Ndiyo maana hata watu wa FL nawaambia wawe na Reaper pembeni, majaribio ni siku 60 na lisensi ndogo ni dola 60. Kwenye FL yenyewe kuna Make bridged kwenye mipangilio ya plagini, inasaidia vilevile ila inakula CPU kidogo.

Dj Kibatari

Hamieni Mac muache kuteseka.

Ngoma Droo

Tuma hela ya Mac kwenye namba yangu tuhame wote.

Kinubi Kidogo

Wakuu leo nimeifungua. Pini moja ya feni ilikuwa imetoka kabisa inaning'inia, yaani hitisinki imekaa upande. Pesti imekauka imepasuka kama udongo. Vumbi sitaki kuongea. Nimesafisha, nimepaka pesti, pini zote nne zimelia. Sasa hivi ikiwa imekaa ni 41, kwenye ekspoti nzito inakaa 70 na kidogo. Nimefanya ekspoti ya wimbo wa kwaya mpaka mwisho, haijazima! Kwa kweli Mungu awabariki.

Waya wa Tatu

Safi sana. Na fundi alitaka kukuuzia bodi.

Ngoma Droo

Uzi ufungwe tunywe.

Kinubi Kidogo

Jamani tusifunge. Kuzima puu kumeisha kabisa ila FL jana usiku imejifunga tena mara mbili nikiwa narekodi, na asubuhi skrini ya bluu imetokea nikiwa hata sijafungua FL, nipo nasikiliza mtandaoni tu. Logi inasema 26 tena.

Mzee wa Feda

Nilikuwa naisubiri hiyo. Ndiyo maana nilisema vitu viwili vimelaliana, joto lilikuwa linaficha RAM. Usifomati tena, kufomati mashine yenye RAM mbovu ni kama kupaka rangi nyumba inayovuja.

Pakua MemTest86 ya kupima RAM, toleo la bure, inajiweka kwenye flashi, buti nayo. Acha vipande vyote viwili vya RAM kwanza. Anza usiku ukilala, kwa 8GB inachukua masaa. Usitumie macho ya huruma, RAM nzima inatakiwa itoe makosa sifuri. Kosa hata moja ni dalili ya ubovu, hakuna cha kusema ni kidogo. Ile ya kupima RAM iliyomo ndani ya Windows, mdsched, inasaidia kidogo ila inapitisha vingi ambavyo MemTest inakamata.

Ikitoa makosa, zima, toa kipande kimoja, pima kilichobaki. Halafu badilisha. Ukishampata mbovu muhamishie kwenye tundu la mwenzake upime tena, makosa yakimfuata ni kipande, makosa yakibaki kwenye tundu ni tundu, na hapo fundi wako atakuwa na hoja.

Pwani Mikisi

Mzee wangu! Nimezima waifai, hadi diski nimeihamisha upande wa pili, ule mstari wa LatencyMon umeshuka kijani. Nimerekodi dada mmoja wa taarabu wimbo mzima bila pap hata moja. Sasa swali, bafa niweke ngapi maana nimeweka 64 nikisikia yasema ndogo ndiyo nzuri.

Mzee wa Feda

Ndogo ni nzuri kwa mwimbaji anayejisikia kwenye hedifoni kupitia programu, hataki sauti yake ichelewe. Lakini intafesi yako kama ina kitufe cha direct monitor basi anajisikia moja kwa moja kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta, bafa haimhusu tena. Weka 256 au hata 512 ulale salama. 512 kwa 44100 ni milisekondi 11.6, mara nyingi hata mpiga kinanda anavumilia. Wakati wa kumiksi nenda 1024, hakuna anayeimba hapo. Na tumia draiva ya ASIO (aina ya draiva ya sauti isiyochelewesha) ya waliotengeneza intafesi yako, zile za jumla kama ASIO4ALL ni za mtu asiye na nyingine.

Kinubi Kidogo

MemTest imejaa nyekundu wakuu. Nimeamka asubuhi nimekuta makosa sijui hata niyahesabu vipi. Nimetoa kipande kimoja, kilichobaki kimepita bila kosa. Nikaweka kile kingine peke yake, nyekundu tena. Nikakihamisha tundu, nyekundu vilevile.

Waya wa Tatu

Bodi iko huru kwa kukosa ushahidi.

Mzee wa Feda

Basi kimejulikana. Kwa sasa endesha na kile kizima tu, 4GB. FL itafanya kazi ila ukiwa na kwaya itabidi uwe mjanja. Vokali ya mono kwa 32 biti floti, 44100, inakula karibu MB 10.6 kwa dakika. Ukiwa na traki 24 za wimbo wa dakika tano hiyo ni karibu GB 1.3 za sauti tupu, bado plagini, bado Windows yenyewe. Kwa hiyo kwenye hizo klipu za sauti washa Keep on disk zisomwe kutoka diski badala ya kukaa kwenye RAM, na traki ulizomaliza kumiksi zigeuze kuwa wav moja kwa kundi, sopran zote faili moja, alto zote faili moja, halafu plagini zake zima. Hadi diski yako ya zamani pia ipime na CrystalDiskInfo, ukiona namba kwenye Reallocated au Current Pending Sector zimeanza kupanda hamisha kazi za watu mapema.

Ukienda kununua RAM, ni DDR3 ya desktopu, si ya laptopu ile fupi, na si DDR4 maana haiingii, mkato uko mahali pengine. Kuna DDR3 za bei ya kutupa zinauzwa ni za AMD tu, kwenye Intel yako hazitawaka, uliza kabla ya kutoa hela. Kubaliana na muuzaji kwamba unaipima usiku mmoja ikitoa makosa unairudisha. Asiyekubali hilo mwache na RAM zake.

BitiNzito

Haya mzee nimekubali kwa hii kesi. Ila nami natoka na swali, kazi zangu zilizopotea FL ilipojifunga naweza kuzipata?

Mzee wa Feda

Kwenye brauza ya FL upande wa kushoto kuna folda ya Backup, FL inaweka humo nakala zake za autosave. Ingia File settings uongeze kasi ya kusevu. Sauti zilizorekodiwa ziko kwenye folda ya Recorded, mara nyingi wav ipo hata kama projekti haikusevu. Na uwe na mazoea ya Save new version, faili likiharibika unarudi la nyuma yake.

BitiNzito

Nimezikuta. Vokali za mtu niliyemwambia zimepotea arudi kurekodi upya. Ameshapanda basi anakuja.

Ngoma Droo

Mwache aje, mpe soda umwambie ulikuwa unamjaribu.

Kinubi Kidogo

Mrejesho wakuu. Nimepata vipande viwili vya 4GB used, muuzaji alinuna kidogo nilipomwambia nitavipima usiku ila akakubali. Vimepita vyote, sifuri. Kile changu kizima nimekiacha humo, sasa hivi nina 12GB na joto halipandi 75. Kwaya imerudi Jumamosi, tumerekodi sauti zote nne mpaka wimbo wa mwisho na ekspoti nimefanya mbele ya mwalimu makusudi ili aone. Event Viewer naiangalia kila jioni, 41 hakuna.

Waya wa Tatu

Hongera. Fundi wa maza bodi umemwambia?

Kinubi Kidogo

Nimemwonyesha picha ya MemTest. Akaitazama weee, akasema "nilihisi ni RAM", halafu akaniuliza kile kibovu nakiuza bei gani.